Vitundu Vinne

Duka letu liko Barabara ya Narborough, mjini Leicester,
kati ya kinyozi Mkurdi na muuza simu kuukuu.
Kiooni tumeandika: Twapunguza. Twaongeza. Twabadili zipu.
Hatukuandika: Twaona.

Maana nguo ikigeuzwa nje ndani
haina pa kuficha uso.
Nimeshika koti la pauni elfu mbili
bitana imechanika kwapani,
mfukoni barua ya mdai, imekunjwa mara sita.

Jumanne aliingia Bi Winifred,
wa nyumba zile zenye bustani kule Stoneygate,
sweta limetoboka viwiko,
miguuni viatu vya marehemu mumewe.
Akalaza mezani koti jipya, zawadi ya mwanawe.
"Nitolee hii," akasema,
akiigusa lebo kwa ncha ya ukucha
kama anayekuonyesha kupe.

Nikafumua. Uzi mmoja, uzi mwingine.
Kitambaa cha hariri, upana wa vidole viwili,
herufi za dhahabu.
Nikakichomeka kwenye mto wa pini,
nikaendelea na suruali za watu.

Jumatano, Amuri,
macho mekundu ya zamu ya usiku ghalani Lutterworth.
Koti lake la sokoni, safi, halina jina.
Kesho anakwenda kuonana na mwenye nyumba.
Tatu zimeshamkataa, zote kwa upole.
Nampima mabega, yeye anautazama mto wa pini.
"Mama Zuhura, ile ni ya nani?"

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
aliyesema hivyo hakuwahi kuomba chumba cha kupanga
katika mji wa watu,
kwa jina ambalo karani hulitamka mara mbili.

Marehemu baba, fundi wa Ngamiani,
angeniambia mshono hauapi uongo.
Lakini baba hakuniona Ijumaa jioni,
mlango umefungwa, simu imeegemezwa kwenye cherehani,
nimevaa koti la mteja
ambalo litachukuliwa Jumamosi,
dada yangu akisema kwenye kioo, "Umenawiri we!"
kisha, baada ya kimya kidogo,
habari za bati.

Nikatunga uzi.
Kutoa, pauni tano. Kutia, pauni tano.
Amuri alitoka akiliacha koti wazi kidogo,
upande ule,
na upepo wa Novemba ukimwingia kifuani.

Bi Winifred alikuja Alhamisi.
Alivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akaridhika:
sasa ni koti tu.
Sikumwonyesha, chini ya ukosi,
vitundu vinne vya sindano.
Nilivipiga pasi ya mvuke mara tatu.
Havikufumba.