Nyota Zilizopungua Kisandukuni

Nilikuwa mpanga herufi, Tampere, nyuma ya kiwanda cha pamba,
mwaka ule theluji ilipoanguka Oktoba ikasahau kuondoka.
Herufi zetu zilikuwa za risasi. Ziliacha weusi kwenye kucha
ambao mke wangu Irja aliuita pete yangu ya pili.

Kila Alhamisi Ahti Kuisma alipanda ngazi na bahasha,
koti limelowa, pumzi ya kahawa na samaki wa moshi,
santuri saba alizozisikiliza, saba alizozihukumu,
na kando ya kila jina amechora nyota kwa penseli nyekundu.
Tano: kimbia dukani. Moja: mwimbaji akatafute kibarua.
Watu waliamini. Muuza santuri aliagiza kwa nyota
kama mfamasia asomavyo cheti cha daktari.

Alhamisi ile, ya saba ilikuwa ya wanawake wanne
wa ukumbi wa kusokotea nyuzi, santuri yao ya kwanza,
waliyoirekodi kwa mikesha mitatu, zamu ikiisha.
Ahti aliwapa nne. Nakumbuka nne, kwa sababu ya mwisho
ilikuwa imefutwa, kisha ikachorwa tena, kwa mkono mzito zaidi.

Nikatia mkono kisandukuni. Nyota mbili.
Nikatikisa. Nikapekua chumba cha vistari, cha mabano,
nikapiga magoti nikapapasa sakafu kwa mwanga wa kiberiti.
Mbili. Zile santuri sita za juu zilikuwa zimezila zote;
mpiga kinanda mmoja wa Turku, peke yake, alikuwa amekalia tano.
Mashine inanguruma, mhariri anatazama saa.
Nikapanga mbili. Nikajiambia: Ahti atapiga simu.

Ahti hakupiga simu.

Maneno yake yalibaki vilevile, sikugusa hata koma:
"Sauti ya Tyyne inakwaruza kama mlango wa ghala."
Chini ya nyota nne, mkwaruzo ni sifa.
Chini ya mbili, ni mlango tu.

Wiki iliyofuata, kwenye sauna ya mtaa, mtu mmoja
aliyevaa jasho lake tu alituambia: "Nimeisikiliza.
Mbili, kweli. Na hapo Kuisma amewahurumia."
Naye Ahti, alipoulizwa kwenye baa, aliweka bilauri chini
akazitetea mbili zake robo saa nzima, kwa hoja, kwa mifano,
akitaja ngoma inayochelewa katika wimbo wa tatu.
Nilikuwa meza ya pili. Nilimkazia macho nitafute uongo.
Sikuuona.

Mwamba ngoma, wanasema, ngozi huivutia kwake.
Mimi sikuvutia kwangu wala kwao.
Nilipungukiwa.

Tyyne Lehtovaara alirudi kwenye nyuzi. Hawakurekodi tena.
Miaka ikapita nikapanga tangazo la mazishi la mpiga besi wao.
Halikuhitaji nyota. Lilihitaji msalaba mmoja,
na misalaba tulikuwa nayo tele.

Juzi, kwenye soko la mitumba, kijana mwenye kipini puani
alikuwa anaiuza santuri ileile kwa bei ya viatu vya ngozi.
"Ilipuuzwa hii," akanifundisha. "Siku hizi wanaipa tano."
"Akina nani?"
"Wote."
Nikanunua. Miaka arobaini na minne, sikuwa nimewahi kuisikia.

Jioni nikaiweka. Irja hayupo tena, kwa hiyo nilipandisha sauti.
Upande wa kwanza: ngoma inachelewa kweli, wimbo wa tatu.
Upande wa pili Tyyne anaanza kabla ya gitaa, peke yake,
jambo fulani kuhusu mkono ulionaswa na mkanda wa mashine,
na kisu changu kikasimama katikati ya kiazi.

Nne? Usiniulize. Sikio langu la kushoto lilibaki kazini.
Ila ndani ya bitana la koti langu la zamani
niliwahi kukuta nyota moja ya risasi, imelala kwenye mshono.
Nimeiweka juu ya jalada, karibu na jina lao.
Kila nikigeuza upande, inateleza.