Wimbo wa Nne, Dakika ya Pili

Bogna hakuwa na studio. Alikuwa na kabati
la marehemu bibi yake, ghorofa ya tatu, mjini Łódź,
na ndani makoti kumi na moja ya sufu
ambayo hakuna aliyepata moyo wa kuyagawa.
Mtu hujikuna ajipatapo.
Akaingia, akavuta mlango, akaimba
uso ukiwa katikati ya mikono mitupu ya makoti.

Mchana aliuza miwani.
"Unaona vizuri hivi? Au hivi?"
akiwabadilishia watu lenzi,
na usiku akijiuliza yale yale:
ubeti huu? Au huu?
Tramu ya mwisho ilipita saa sita kasoro dakika nane,
sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana,
halafu kimya,
halafu ndipo kazi ilipoanza.
Miezi kumi na minne. Nyimbo tisa.

Mimi muziki siujui. Mimi nilikunja majalada,
mia mbili, kwa mkono, kwenye meza ya jikoni,
gundi ikinikaukia vidoleni.
"Pop," alinikanya, "usilitaje kama unaomba radhi.
Nataka wimbo ambao mtu ataondoka nao
akienda kununua vitunguu."

Ila wimbo wa nne una doa.
Dakika ya pili, pale anapovuta pumzi
kabla ya kiitikio, pana kikohozi.
Si chake. Ni cha Bwana Zenon wa ghorofa ya juu,
mstaafu wa kiwanda cha nyuzi:
kikavu, mara mbili,
kama mtu anayebisha mlango
huku akiomba wenyewe wasiwepo.
Kompyuta ilikifuta, naam,
lakini pumzi ya Bogna nayo ikaenda.
Akakirudisha. "Basi na kikae.
Nyumba ndiyo ilivyo."

Santuri zilifika Machi.
Bwana Zenon tulikuwa tumeshamzika Februari,
ardhi ngumu hadi wachimbaji wakaomba chai.
Mwezi wa kwanza tuliuza thelathini na sita:
moja kwa daktari wa meno,
tatu kwa shangazi yangu, asiye na gramafoni.

Aprili, binti yake Zenon akaja kuhamisha vyombo.
Akashuka kuuliza kama tuna maboksi.
Santuri ilikuwa inazunguka.
Akasimama kizingitini, mkono mmoja kwenye fremu.
"Rudisha," akasema.
Bogna akainua sindano, akairudisha.
"Tena."
Mara ya tano nikaenda kuchemsha maji
ili nisimtazame.

Akanunua mbili, akakataa chenji,
maboksi akayasahau.

"Kiitikio hakukisikia hata mara moja," Bogna akaniambia,
nusu anacheka, nusu amenuna.
"Miezi miwili nimekiandika kile kiitikio."
Kisha akatazama dari,
ambako mtu mgeni alikuwa anaburuta kitanda,
akijaribu ukuta huu,
kisha ule.