Wageni Sitini na Mmoja

Chumba chetu kiko juu ya duka la vipuri, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili:
feni moja, meza mbili, na kompyuta
inayojenga programu ya maziwa kwa dakika arobaini na tatu.
Arobaini na tatu!
Chapati huiva. Umeme hukatika, ukarudi, tukaanza upya.
Mama Sechonge wa Pongwe huwa ameshakamua,
ameshapimiwa, ameshafika kwake na ndoo tupu,
nasi bado tunajenga.

Jumatatu nikafungua orodha ya maktaba za watu,
zile tulizoazima kwa mafundi tusiojua hata sura zao.
Sitini na moja.
Mhina, aliyekalia kiti hiki kabla yangu,
alikuwa mkarimu; kila aliyebisha hodi alikaribishwa.
Tanga, wasema, waja leo waondoka leo.
Hawa walikuja na mabegi, na ndani ya mabegi wajukuu,
wakatundika kanzu kwenye misumari yetu
na hakuna aliyeuliza wali unatoka wapi.

Nikawauliza mmoja mmoja: wewe, kazi yako nini?
Mmoja anahesabu mwandamo wa mwezi.
Ng'ombe wa Muheza hawafungi.
Mmoja anachora chati za duara zenye kivuli;
aliitwa kwa mkutano mmoja tu wa wafadhili,
wafadhili wakala sambusa wakaenda zao, yeye akabaki.
Mmoja hufuta nafasi tupu mwishoni mwa neno.
Hiyo tu. Na amekuja na ndugu kumi na wanne.
Siku ya tatu, wasema, mpe jembe.
Niliwapa. Wakalitazama.

Nikafuta. Sikufuta kwa hasira,
nilifuta kama mtu anayechambua mchele,
ungo magotini:
pepeta, tua, tazama, pepeta.
Nikitoa mmoja najenga upya, nasubiri,
maana ukitoa wawili kwa mpigo na nyumba ikalala
hutajua nguzo ilikuwa ipi.
Dakika thelathini na nane. Ishirini na sita.
Kumi na moja.
Shebughe akaacha kwenda kununua chapati:
"Nikirudi itakuwa imeshakwisha."

Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, dakika nne.
Wamebaki wanane, kila mmoja na jembe lake.
Nikatuma programu vituoni
nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Jumamosi, simu ya Pongwe.
"Binti, risiti yako inanitukana."
Mama Sechonge akaisoma polepole, kama barua ya mahakama:
"Maziwa ya ng. Lita sita."
Ng nani? Ng nini?

Ritifaa.
Kile kialama kinachoning'inia kati ya g na o,
kidogo kuliko kupe sikioni mwa ndama;
mashine ikikiona hudhani maneno yamefungwa,
ikameza yote yanayofuata.
Na yule mgeni wa thelathini na tatu, niliyemkuta amejilaza,
mistari elfu arobaini, jina lisilosema kitu,
miaka yote hii alikuwa mlangoni
ameshika ritifaa isidondoke.

Nilimwonea haya. Kidole kilikuwa tayari kumwita.
Sikumwita.
Nikaandika mistari mitatu kwa mkono wangu,
na juu yake neno kwa atakayekalia kiti hiki:
"Hapa ndipo ng'ombe anapofungwa kamba.
Usiguse kabla hujasoma kwa sauti."
Nikajaribu ng'ombe, nikajaribu ng'ambo, ng'onda, ming'oko,
nikajaribu na Mhina, ambaye hana ritifaa, basi tu.
Dakika nne na sekunde mbili.

Mama Sechonge akapiga tena. Hakusema asante.
"Ng'ombe sasa kakamilika," akasema.
"Ila si lita sita. Zilikuwa saba."

Nikageuka kutafuta mgeni wa kumsingizia.
Wanane wote walikuwa shambani.