Minazi na Kivuli Chake

Mimi karani tu. Kazi yangu majalada na mihuri,
na kuita majina mlangoni, mara tatu.
Leo jaji kanigeukia: "Herufi hizi wazijua?"

Kielelezo namba tatu cha mdai.
Karatasi ya rangi ya chai iliyolala,
mikunjo yake minne imetoboka,
imekaa katika mkebe wa biskuti
na kabla ya mkebe, Mungu ajua wapi.
Kiswahili chetu hikihiki, ila kimevaa kanzu ya Kiarabu.

Nikasoma kama nyanya alivyonifunza,
kidole kikitoka kulia:
Mimi Mwinyikambi wa Mjimwema
nimemuuzia Kiwamba minazi ishirini na saba
na kivuli chake,
kwa reale kumi na nne, nimezipokea mkononi.

Jaji akasimamisha kalamu. "Rudia."
Nikarudia.
Ndipo zikaanza wiki tatu za kivuli.

Wakili Rweyongeza, wa wenye ukuta,
joho jeusi, vitambaa viwili vyeupe shingoni,
alianza kwa Kilatini, kisha akajitafsiri
maana siku hizi sheria yataka Kiswahili:
kilichopandwa ardhini huifuata ardhi.
Kanuni ya Warumi, Waingereza wakairithi,
na katika hao wote
sijui kama yupo aliyewahi kukwea mnazi.

Akaitaja na ile tarehe:
Julai ishirini na mbili, elfu moja mia tisa ishirini.
Sheria ya Waingereza ilivyolala usiku ule
ndivyo ilivyoamka kwetu.
Kwao saa imesonga.
Kwetu imetundikwa ukutani, mishale imesimama,
na mara mbili kwa siku inasema kweli.

Bi Sikujua Mndolwa, wakili wa bibi, akainuka:
"Mheshimiwa, pwani hii mtu huuza mti akabaki na mchanga.
Huyu aliuza vyote viwili.
Neno kiwanja hakuwa nalo. Akasema kivuli."

"Kivuli cha saa ngapi?" Rweyongeza akadakia.
"Saa sita hakitoshi mkeka.
Saa kumi na moja kinavuka njia
kinaingia baa ya jirani. Nayo tuipime?"
Watu wakacheka. Jaji hakucheka, aliandika.

Bi Mwanamvua binti Kiwamba, miaka themanini na kitu,
akaulizwa mipaka ya shamba.
"Bibi yangu alisuka ukili pale.
Asubuhi mkeka huku, jioni mkeka kule,
alikuwa akikifuata kivuli.
Hakuna aliyemwambia, wee, umepita kwako."

Alhamisi tukavuka kwa pantoni kwenda kuona.
Ukuta. Tenki la maji juu ya mnara wa zege.
Visiki vitatu, kimoja kimemwagiwa simenti.
Mpimaji akafungua utepe wake,
akauliza aanzie wapi, akaufunga.

Jua la saa nne lilichoma bila adabu.
Bi Mwanamvua akasogea kwenye kivuli cha tenki.
Rweyongeza naye, jasho likimtiririka, akasogea.
Wakasimama bega kwa bega, mdai na mtetezi wa mdaiwa,
na jaji akatazama chini, miguuni pao,
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Hakuna aliyeweka pingamizi.
Mimi sikuandika. Halikuwa shahidi lile, wala kielelezo.

Hukumu ni tarehe tisa Oktoba.
Mkebe ninao masjala, kabati la chini,
bado unanuka biskuti kidogo.

Jana usiku nimeota niko mlangoni, naita:
Mwinyikambi!
Mwinyikambi!
Mwinyikambi!
Muuzaji mwenyewe, aje aseme ilikuwa saa ngapi
alipounyosha mkono akaonyesha: mpaka pale.
Korido ndefu, feni inazunguka.
Na mimi utaratibu naujua:
asipoitika mara ya tatu
shauri linaendelea bila yeye.