Uzi wa Uhai

Hapa Võru mmea huu huitwa uzi wa uhai,
jina kubwa kwa kijiti nilichokinunua sokoni
kimefungwa gazetini kama samaki.

Muuzaji aliniambia: miguu kivulini, kichwa juani.
Nikachimba shimo la kina cha goti,
nikatia samadi iliyooza, majivu, mchanga wa mto,
nikauzika hadi vifundo viwili vikapotea ardhini
(akiba, alisema, ya siku mbaya),
nikalaza jiwe bapa juu ya mizizi
jinsi mtu anavyomfunika mgonjwa miguu.

Sikufikiria jua liko upande gani wa ua.
Liko kwako, Hilja.

Hauna mikono, hauna miiba.
Hushika kwa vikonyo vya majani,
wala haushiki kitu kinene kuliko penseli.
Nguzo ya Arvo uliigusa, ukaiacha.
Basi nikaifumua sweta yake ya kijivu,
ile iliyotoboka viwiko,
nikavuta nyuzi kutoka ardhini hadi misumari ya juu.
Kufikia sikukuu ya katikati ya kiangazi
mmea ulikuwa umevaa sweta ya mume wangu
na umeruka ua.

Mwaka wa tatu ukachanua. Zambarau,
maua mapana kama visahani,
yote yamekupa wewe uso
na mimi kisogo.
Ndoo mbili kila jioni nilimwagilia
ili wewe unywe kahawa mbele ya maua yangu.
Miaka kumi na mmoja hatukuiva chungu kimoja,
tangu wapimaji walipokuja na kamba yao
wakaacha kati yetu sentimita arobaini
ambazo kila mmoja anazo kwenye karatasi yake.
Nilikusikia ukiwaambia wageni: "Umejileta wenyewe."

Umejileta!
Nani aliupogoa mwezi Machi
theluji ikiwa bado magotini?
Nani aliufunika kwa matawi ya msonobari
baridi iliposhuka nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri?

Halafu Julai ile, asubuhi moja, umenyauka.
Jana yake ulikuwa na vitumba sabini.
Majani yananing'inia meusi
kama vifuko vya chai iliyokwisha kunywewa.
Nikamwaga maji. Nikamwaga tena.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikalishika shina kama anayetafuta mpigo wa mshipa.

Ndipo sauti ikapenya kwenye pengo la ubao:
"Kata, Salme. Mpaka chini.
Maji hayatausaidia, unauzamisha tu."
Sauti yako imezeeka. Sikujua.
"Mkasi uusafishe kwa spiriti. Uchome kila kitu.
Na usilie, si maiti."

Nilikata upande wangu. Nikasikia
mkasi mwingine ukikata upande wako.
Tulikutana juu, kwenye msumari,
sweta ikitukatikia mikononi.
Moto tuliwasha mmoja, kwenye pipa lako,
maana langu lina tundu.

Wiki ya sita vifundo vya akiba vilitoa ncha,
nyekundu, kama ulimi wa paka.
Nilikwenda mjini kununua uzi.
Niliporudi, uzi ulikuwa umeshatundikwa,
sufu ya njano, ya bei,
imefungwa na mtu asiye na haraka.

Mwaka huu maua ni ishirini na matatu.
Nimeyahesabu nikiwa bustanini mwako,
kikombe chako mkononi,
maana kwangu bado ni visogo.
Zile sentimita arobaini hatujazitaja.
Kahawa yako ni nyepesi mno, Hilja.
Hilo pia sijalitaja.