Nafasi ya Tano

Fomu ya shule, kabla ya ile ya kompyuta, ina nafasi tano.
Nne amekwisha kuzijaza:
Siasa, Siasa, Siasa na Uchumi, Siasa tena,
vyuo vinne, katika miji minne
niliyoijua kwa timu zake za mpira tu.
Ya tano iko wazi kama kabati namba themanini na mbili
pale bwawani, lile lililokataa kufungika.
"Hiyo nimekuachia wewe, Baba," anasema Heledd,
anainuka kuchemsha maji ya chai.

Hapa Cwmhelyg mvua hainyeshi, inahamia.
Nilikuwa mwokoaji wa bwawa la kuogelea la manispaa
miaka kumi na tisa, filimbi shingoni, kandambili za bluu,
nikiwafokea watoto wa watu: Usikimbie!
Usirukie upande wenye kina kifupi!
Sikumpoteza hata mmoja.
Kisha halmashauri ikapiga hesabu ya gesi,
ikaona maji yamezidi unga.

Usiku wa kura alikuwa na miaka kumi na minne.
Walimpa dakika tatu. Saa ndogo nyekundu mezani.
Alisema alijua kuelea kabla ya kujua kusoma,
alisema magoti ya bibi yake hupumzika majini,
kwingine hayapumziki.
Diwani Prosser alikuwa akimenya chungwa.
Tisa kwa sita. Wakafunga makabrasha.

Nilidhani atalia garini. Hakulia.
Aliuliza: "Baba, nani anaandika ajenda?"
Nikasema sijui, labda karani.
"Kwa nini sisi tulikuwa kipengele cha kumi na moja,
baada ya chai, baada ya basi la mwisho,
watu wetu wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani?"
Taa ikawa ya kijani. Sikuondoka.
Wa nyuma yangu akapiga honi.

Maji ukiyavulia nguo, yaoge.
Haya waliyaondoa mtoto akiwa ameshavua.

Mama yake anataka ufamasia:
watu hawaachi kuugua, anasema Delyth,
na duka la dawa lina hita.
Mimi moyoni nilikuwa na uhasibu.
Siasa, nilimwambia jana, kwa sauti niliyoijutia,
ni somo la kuwafundisha waongo adabu za mezani.
Akacheka.
"Basi lazima mtu abaki kuhesabu vijiko."

Sasa nimeshika kijitabu cha chuo. Karatasi yake inateleza.
Picha za vijana wanaocheka ngazini
kana kwamba mikopo hailipwi.
Natafuta kasoro. Nafika ukurasa wa arobaini na moja,
mwaka wa pili, muhula wa pili:
Bajeti za Serikali za Mitaa: Nani Huamua Kipi Kifungwe.
Nasoma mara mbili. Miwani inaingia ukungu;
ni mvuke wa birika.
Kumbe lina jina.
Kumbe kuna chumba, Jumanne saa nne asubuhi,
ambamo watu huketi na kulisoma lile lililotupata
kama wengine wanavyosoma mifupa ya mkono.

"Umeamua?" Vikombe viwili, mlango kaufunga kwa kisigino.
Sijaamua. Bado naiogopa miji hiyo na kodi ya vyumba vyake.
Bado naogopa atarudi akizungumza kama Prosser,
akimenya chungwa
huku mtoto wa mwenzake akihesabiwa dakika.

Lakini namwomba kalamu.
Mkono huu uliozoea kuandika viwango vya klorini
unaandika jina la chuo cha ukurasa wa arobaini na moja
kwa herufi kubwa, polepole,
na kwenye kisanduku cha kozi nakosea tahajia.
Anasahihisha. Hanicheki.
Chai yangu ameitia sukari vijiko viwili.
Daktari alisema kimoja,
na hilo hatulipigii kura.