Kilo Thelathini na Nane

Tulikipima kwa mizani ya muuza makaa,
nyuma ya kibanda chake, hapa Kileleshwa:
kilo thelathini na nane, fremu ya mvule,
makucha ya simba yamechongwa kila pembe,
ila pembe moja simba hana ukucha.
Huo naujua. Niliuvunja mimi
kwa kiti cha kuzunguka cha saluni,
mwaka niliofeli hesabu.

Fundi Nzioki hakukitazama kioo.
Alitazama ukuta ulio juu ya meko.
Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio
kama daktari na kifua cha mtoto:
hapa ngo, hapa ngo, hapa bu.
"Hapa pana tumbo," akasema. "Ni njia ya moshi.
Ukitoboa hapa, bolti itashika hewa,
na kioo kitakuja kukuamkia usiku wa manane."
Akachora X kwa penseli. Ya kukataza.

Nyumba ni ya mawe, ya kupanga, ya zamani.
Notisi ya kuibomoa imeshabandikwa langoni:
miezi minane, kisha ghorofa kumi na nne.
Barasa aliniuliza mara moja tu,
"Ya nini kutoboa ukuta unaokufa?"
Nikamjibu, hata mgonjwa hunyolewa.

"Meko haya huwashwa?"
"Julai, mama akilalamikia magoti."
"Moto na kioo si ndugu, Mama. Joto litakula mgongo wake,
kitaota madoa."
Nikainama, nikachungulia dohani:
vijiti, manyoya, kwarara wameshajenga.
Moto wetu ni kuni mbili na kikohozi.
"Kitavumilia," nikasema. "Kimevumilia mvuke,
pasi za nywele, na midomo ya Ngara nzima."

Drili ikalia. Vumbi likatua kwenye chai.
Bolti nne, mnyororo, vidole vya Barasa chini ya fremu,
nami nikiamrisha: juu, juu, shusha,
kushoto, si kushoto kwangu, kwako!
Povu la pimamaji likaenda, likarudi,
likakaa kati ya mistari yake.

Tukarudi nyuma kujisifu.
Barasa alijiona. Nzioki alijiona.
Mimi nilijiona na unga wa mawe kwenye nyusi.
"Mama, waonaje?"
Mama, kochini, shali magotini:
"Naona dari.
Dari yenu inavuja."

Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya kioo hiki,
lakini daima nyuma ya mtu:
bibi harusi, mfiwa, karani wa benki,
msichana aliyetaka nywele za kumtoroka nazo mumewe.
Aliangalia vichwa vyao. Chake kilikuwa pale,
juu kidogo, kimekatwa na fremu.
Tangu nyonga ivunjike, hasimami.

Nzioki hakusema neno. Akapanda ngazi,
akaulegeza mnyororo pingili moja,
ya pili, akanitazama, ya tatu.
Na kioo kikainama, polepole,
kama mtu mrefu anayemwamkia mkubwa wake.

Dari ikaondoka. Taa ikaondoka.
Ikaja pazia, ikaja kalenda ya chama,
ukaja mkono wa kochi uliochanika,
akaja mama.

Alijitazama muda wa sufuria kuchemka.
Tulidhani atalia; Barasa alishaanza kutafuta leso.
Akainua kidole, akakipitisha juu ya sikio la kushoto,
akageuza shingo, akarudia.
"Nani alimsuka huyu?"
"Mimi, mama."
"Mistari haikunyooka."

Nzioki alinawa, akataja bei, hakupunguza hata shilingi.
Ile X yake imebaki huko nyuma,
mahali ukuta ulipojibu bu.
Hakuna atakayeiona mpaka siku ya matingatinga.
Jana usiku kwarara walikoroma dohani,
nami nikaamka kuangalia bolti.
Zimeshika.
Kitana hakipo juu ya meko.
Mama amelala nacho.